Karatasi Niliyomsomea Shoga Yangu

Rafiki yangu alikuwa mnene, na pale Garsen hakuna aliyeuona unene wake kuwa ila. Alipojifungua, mama yake alishuka kwa mtumbwi kutoka Ndera akakaa naye siku zote arobaini. Alimkanda kwa maji moto, akampikia uji wenye pilipili manga, akamlisha kuku na samaki wa mtoni kwa nazi na wali wa mchele mpya, mpaka mashavu yake yakang'aa. Siku alipotoka nje kwa mara ya kwanza na mtoto mgongoni, wanawake walimsifu, wakamsifu na mama yake. Mimi pia nilimsifu, nikarudi nyumbani kwangu nikakaa kitako kitandani kwa muda mrefu bila kufanya kazi yoyote.

Nyumba zetu zilipakana. Yeye alikuwa Mwislamu wa Ndera, aliyesoma Kurani tu. Mimi nilikuwa mtoto wa misheni, nimezaliwa Golbanti, nikasoma pale miaka minne. Kipokomo chake na changu havikufanana sana, na tulichekana kwa maneno mengi hata mwishowe tukawa tunazungumza Kiswahili tu. Mume wake alinunua ng'ombe kwa wafugaji akawapeleka Malindi, na alikuwa na duka la sukari, majani ya chai na nguo. Mume wangu alikuwa kibarua wa barabara, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Sikuwa na mtoto. Nilikuwa mwembamba kama bua, na wanawake walinionea huruma wakidhani sioni. Nayasema haya mapema kwa sababu bila hayo mtu anaweza kudhani nilifanya niliyoyafanya kwa ujinga mtupu.

Pale Garsen nilikuwa na heshima moja tu, nayo ni kusoma. Barua zikija, wanawake waliniletea. Dawa ikitoka dispensari, waliniletea chupa niwaambie ni vijiko vingapi. Waliniita mwalimu, nami nililipenda jina hilo kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Mtoto wa rafiki yangu alipokuwa na miezi miwili hivi, mume wake alioa mke wa pili, msichana wa upande wa Malindi, wa miaka kumi na minane hivi, mrefu, mwenye shingo na kiuno. Hakuwa na makuu. Alimwamkia rafiki yangu kwa adabu, akamwita dada, akapika zamu zake bila kuambiwa. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na kiburi.

Baadaye kidogo tulialikwa harusi ng'ambo ya mto. Tulishuka mtoni asubuhi kupanda pantoni, watu wengi, mbuzi kadhaa, na lori moja la bidhaa. Pantoni ile ilivutwa kwa kamba na vijana wenye maneno mengi. Rafiki yangu alipokanyaga ubao, pantoni ikayumba kidogo, kama ilivyoyumba kwa kila mtu. Mmoja wa wale vijana akasema huyu angengoja avuke peke yake, ama lori lingoje. Watu wakacheka. Mume wake, aliyekuwa amesimama upande wa pili na mke mdogo, akacheka pia, tena kwa sauti. Mke mdogo hakucheka. Aliangalia maji.

Mimi nilicheka. Nilijiziba mdomo kwa leso, lakini mabega hayazibwi, na rafiki yangu alikuwa ananitazama.

Siku mbili baadaye alikuja kwangu mchana, akakaa kwenye mkeka na mtoto kifuani, akalia. Hakusema habari za vijana wa kamba. Alisema, "Yeye alicheka, na wewe ukacheka." Nilimwambia sikucheka, nilikohoa. Alinitazama tu. Kwa ajili ya kuukimbia uso ule, niliinama nikavuta katoni iliyokuwa chini ya kitanda changu.

Katoni ile niliipata kwa memsabu. Mzungu mmoja, injinia wa barabara, alikaa karibu na Garsen kwa mwaka mmoja hivi pamoja na mke wake, nami nilimfulia na kumpigia pasi. Memsabu hakuwa mnene kwa macho yangu, lakini mwenyewe alijiona hivyo, na alikuwa akiletewa makopo ya unga kutoka Mombasa. Kila adhuhuri, badala ya chakula, alitia vijiko viwili vya unga ule katika bilauri ya maji, akakoroga, akanywa amesimama, uso kama wa mtu anayekunywa kwinini. Jioni alikula nyama na viazi mezani na mume wake. Sahani zile nilizichukua mimi mwenyewe, kwa hiyo nilijua kwamba alikula. Katika miezi michache gauni zake zilianza kumpwaya, akanipa kazi ya kuzipunguza kwa sindano. Walipohamishwa, mpishi alipewa sufuria, nami nikapewa mashuka mawili na katoni yenye makopo tisa. Nilikuwa na nia ya kuutia unga ule kwenye chai kama maziwa.

Nilimweleza rafiki yangu habari za memsabu na gauni zake. Machozi yalikauka palepale. Akashika kopo moja, akaligeuza, akapitisha kidole juu ya maandishi. Alipolifungua, ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. Alinipa, akasema, "Soma, mwalimu."

Kiingereza changu kilikuwa cha miaka minne ya misheni na mwaka mmoja wa kufua nguo. Mistari mingi ya karatasi ile sikuielewa. Nilielewa maji, kijiko, kikombe. Nilielewa kwamba unga huu unachukua mahali pa chakula, lakini sikujua chakula kipi na mara ngapi. Chini kabisa palikuwa na mstari ulioandikwa kwa herufi nzito, na ndani yake nikaona neno nililodhani nalijua, neno la nesi. Nilifikiri ni jambo linalowahusu manesi wa hospitali, nikalipita.

Ningeweza kusema sijui. Dispensari haikuwa mbali, na dresa, yule mganga msaidizi wa pale, alijua Kiingereza vizuri. Badala yake niliishika karatasi kama wanavyoshika makarani, nikasema, "Imeandikwa vikombe vitatu kwa siku. Asubuhi, adhuhuri na jioni. Na usile kitu kingine."

Aliniuliza, hata tunda? Nikamwambia hata tunda. Sijui kwa nini niliongeza hilo. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ninalolipata silipendi. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mlango ukifunguliwa, na mimi niliona utamu kuwa ndiye mwenye ufunguo. Tena, chini ya utamu huo kulikuwa na kitu kingine. Yeye alikuwa na mtoto, na nyama mwilini, na mama aliyeshuka mto kuja kumlisha. Kuna sehemu ndani yangu iliyotaka kuona vitu hivyo vikipungua.

Tulikubaliana iwe siri. Makopo yangebaki kwangu, naye angekuja mara tatu kwa siku. Nilichemsha maji ya mto, nikayapoza, nikamkorogea kwenye kikombe cha bati. Mara ya kwanza alicheka, akasema inanukia vizuri lakini ladha yake ni kama ya chokaa.

Wiki ya kwanza ilikwenda kwa furaha. Alisema anajiona mwepesi, kwamba akiamka usingizini haumwi viungo. Zamu ya mke mdogo ilipofika alisema ameshiba, amekula kwa mwalimu. Zamu yake mwenyewe alipika, akapakua, akasingizia kunyonyesha mpaka wengine wamalize. Wali wake aliwapa kuku. Wiki ya pili mume wake aliona. Alimletea leso mpya kutoka dukani, akamwambia amerudi kuwa msichana. Alikuja kunionyesha leso ile huku anakimbia kama mtoto. Siku hiyo nilimwongezea maji na kupunguza unga, kwa sababu niliona makopo yanakwisha haraka na sikutaka yaishe kabla hajapendeza kabisa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Wiki ya tatu nikaanza kuona mambo mengine. Nywele zilibaki kwenye kitana. Midomo ilipasuka. Alijifunika leso mbili adhuhuri, jua la Garsen likichoma, akisema anasikia baridi. Alikuwa akiinuka kwenye mkeka wangu anashika ukuta kwanza, anangoja, halafu ndiyo anatembea. Na mtoto, ambaye zamani alinyonya akalala, alianza kunyonya na kuacha, kunyonya na kuacha, akilia kilio kidogo cha kukatakata.

Niliogopa. Naomba nieleweke: niliona, na niliogopa. Sikuwa mtu asiyejua kinachotokea mbele ya macho yake. Siku moja nilimwambia apumzike kidogo, ale angalau ndizi. Aliniangalia kwa mshangao, akasema, "Si ulisema imeandikwa?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ningesema, shoga yangu, haikuandikwa, nilitunga. Maneno manne tu. Nilisema, "Ndiyo, imeandikwa," nikamkorogea kikombe.

Wiki kadhaa baadaye alianguka mtoni, asubuhi, kwenye mteremko tunapochota maji. Alikuwa amejitwika mtungi, na mtoto amemwacha kwa mke mdogo. Wanawake wa Kiorma, wafugaji waliokuwa wanaleta maziwa mjini, walimwona akiyumba, kisha akaenda chini, kichwa majini. Mamba walikuwa wengi katika mto ule, na mahali pale hakuna aliyesimama zaidi ya muda wa kujaza mtungi. Wanawake wale waliacha vibuyu vyao, wakaingia mpaka magotini, wakamvuta kwa nguo. Walimleta nyumbani wamembeba watu wawili tu. Mmoja wao alisema kwa Kiswahili chake cha kukatika kwamba mtu huyu hana uzito, ni nguo na maji peke yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni pake. Nilimsikia.

Dresa alikuja. Alimtazama macho na kucha, akasema damu imekwisha, akauliza anakula nini. Mume wake akajibu kwamba anakula kama watu wote, chakula kipo tele. Dresa akauliza tena kama anakula kweli. Mke mdogo, aliyekuwa amemshika mtoto, akasema kwa sauti ndogo kwamba dada amekataa chakula chake kwa wiki kadhaa sasa. Alisema ukweli, na ukweli huo ndio uliomponza.

Kufikia jioni yake habari ilikuwa imezunguka Garsen nzima. Mke mkubwa alikataa chakula cha mwenzake. Kwa nini? Kwa sababu aliona kitu ndani yake. Mwanamke mwenye afya, aliyetoka arobaini ananawiri, anakonda mpaka anaanguka, maziwa yanakauka, mtoto anadhoofika, na yote yameanza mke mdogo alipoingia nyumba ile. Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Mume hakusema kwamba anaamini, lakini alimwambia mke mdogo asipike tena, na akaacha kulala upande wake.

Rafiki yangu alilala kwenye kitanda cha kamba akisikia yote. Nilikwenda kumtazama kila siku. Macho yake yalinifuata chumbani kote, na mimi niliyakwepa. Hakuna kati yetu aliyeutaja unga.

Mama yake alifika siku ya nne kutoka Ndera. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono migumu ya jembe. Alipomfunua binti yake akaona mbavu, hakulia. Aliomba moto, akaanza kupika uji. Baada ya siku mbili aliniita uani, akasema majirani wamemwambia kwamba binti yake alikuwa anakuja kwangu asubuhi, adhuhuri na jioni. Akaniuliza, "Alikuwa akila kwako, mwanangu?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama. Alikuwa akila kwangu."

Akanishika mikono yote miwili. Alisema kwamba kama si mimi binti yake angekuwa amekufa, kwamba watu wa misheni wana roho nzuri, kwamba Mungu atanilipa kwa kila tonge. Mikono yake ilikuwa na joto la chungu. Nilisema asante. Nilirudi kwangu, nikakaa nikitazama makopo matupu yaliyopangwa chini ya kitanda, na kopo moja lililobaki na unga, na sikuweza hata kulia, kwa sababu kulia kungekuwa kama kujionea huruma.

Siku iliyofuata mke mdogo alikuja kwangu. Hakuwahi kuja peke yake kabla ya hapo. Alibaki mlangoni mpaka nilipomkaribisha, akakaa ukingoni mwa mkeka, miguu ameikunja. Hakujua kusoma. Aliniomba nimwandikie barua kwa kaka yake kule Malindi, aje amchukue. Nilitoa karatasi na kalamu. Nikamwuliza niandike nini.

"Andika, sikutia kitu," alisema. "Andika kwamba nilipika kama nilivyofundishwa na mama. Andika hawanipigi, lakini hakuna anayechukua maji mkononi mwangu."

Niliandika. Maneno yake yote niliyaandika, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa Golbanti, herufi zimelala upande mmoja. Nilipomaliza nilimsomea. Alitikisa kichwa kukubali, akaniuliza kama nimeandika vizuri pale pa kutotia kitu, nikasema ndiyo. Alinishukuru. Akaniambia kwamba mimi peke yangu ndiye niliyemkaribisha ndani wiki ile. Katoni ilikuwa chini ya kitanda nilichoegemea, hatua mbili kutoka miguuni pake.

Nimefanya mabaya mengine maishani, kama watu wote. Hakuna lolote ninaloliona wazi kama mkono wangu ukiandika barua ile.

Barua ilikwenda na lori. Kaka yake alikuja baada ya siku nane, kijana mpole aliyekataa kuketi. Mke mdogo aliondoka na kasha moja na mkeka. Alipopita mbele ya mlango wa rafiki yangu alisimama, akamwombea afya kwa sauti ili asikike ndani, kisha akaenda. Hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilikuwa nafua, au nilijifanya nafua.

Nilidhani mambo yangeishia hapo, na nusu yangu ilitumaini hivyo. Uji wa mama yake ulianza kumrudisha rafiki yangu kidogo kidogo. Maziwa yake hayakurudi, lakini wale wanawake wa Kiorma walileta maziwa ya ng'ombe kila asubuhi, mama akayachemsha na kuyapunguza makali kwa maji, na mtoto akaanza kukubali kijiko. Mume alikaa na mke wake jioni, akampepea, akamwambia maneno mazuri. Nilipoingia siku moja adhuhuri, mama alikuwa uani. Rafiki yangu alinivuta leso, nikainama. Alininong'oneza:

"Niletee kikombe, shoga. Kidogo tu. Mama ananinenepesha tena."

Nilimtazama. Mkono wake juu ya leso yangu ulikuwa kama wa mwanamke mzee. Nilitoka, nikaenda moja kwa moja kwangu, nikatoa kopo lililobaki na ile karatasi, nikaenda dispensari. Sikujifunika vizuri wala sikuvaa viatu.

Dresa alikuwa anafunga kidonda cha mtu. Nilingoja. Alipomaliza nilimpa karatasi, nikamwambia nataka anisomee mstari wa chini. Aliisoma karatasi nzima kwanza, polepole, kimoyomoyo. Kisha akanieleza kwa Kiswahili. Unga huu ulikuwa wa kushika mahali pa mlo mmoja tu kwa siku, na mlo mwingine mtu ale kama kawaida. Usitumike kwa siku nyingi mfululizo bila daktari. Na ule mstari wa herufi nzito ulisema usitumiwe na mwanamke mwenye mimba, wala mama anayenyonyesha; neno nililodhani ni la manesi lilikuwa la kunyonyesha.

Aliniuliza ni vikombe vingapi. Nikamwambia. Akauliza kwa muda gani. Nikamwambia. Alikunja karatasi kwenye mikunjo yake ileile, akanirudishia.

"Wewe ulisoma wapi?" aliniuliza.

Nilisema Golbanti. Alikwenda kunawa mikono.

Nilirudi kwa miguu yangu, na nilipofika uani kwa rafiki yangu sikujipa nafasi ya kukaa. Mama yake alikuwa anapepeta mchele kwenye ungo. Mume wake alikuwa amerudi kutoka dukani kwa chakula cha mchana. Nilisimama na kopo mkononi nikaeleza, tangu pantoni mpaka dispensari. Nilieleza kwamba nilimwambia asile kitu. Nilieleza kwamba haikuandikwa hivyo, na kwamba pale nisipoelewa nilitunga. Sikueleza habari ya wivu. Hiyo sikuweza, na sijamweleza mtu mpaka ninapoandika hapa.

Mama hakuacha kupepeta. Mchele uliruka na kushuka, uliruka na kushuka. Mume wake ndiye aliyezungumza kwanza, na hakuuliza habari za mke wake.

"Na yule mtoto wa watu?"

Nilisema mke mdogo hakufanya kitu. Nilisema nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Aliinuka, akaacha chakula chake, akatoka.

Nilimgeukia mama. Nilitaka anitukane. Aliweka ungo chini, akachagua jiwe moja dogo katikati ya mchele, akalitupa.

"Nilikuombea dua," alisema. "Kila sala."

Baada ya hapo hakuniongelesha tena mpaka siku aliyorudi Ndera, na hata siku hiyo aliniaga kwa kuwa ni haki ya jirani kuagwa.

Mume wa rafiki yangu alikwenda Malindi mwenyewe kumrudisha mke mdogo. Alirudi peke yake. Tulisikia kwamba familia ilimpokea kwa heshima, ikampa chai, na msichana akasema kutoka chumba cha ndani kwamba harudi mahali ambapo watu walikataa maji yake. Mume akampa talaka kwa kuwa aliiomba. Nami niliandika barua nyingine, safari hii ya kwangu, nikaeleza kila kitu na kuomba radhi. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, mwandiko wa kaka yake: Barua yako imefika. Tumemsomea.

Wanawake wa Garsen hawakunifukuza. Waliacha tu kuniletea barua. Walimpelekea dresa, na wengine walimngoja mwalimu wa shule apite. Hakuna aliyeniita mwalimu tena. Nilikuwa nikimwona mwanamke akipita mbele ya nyumba yangu na bahasha mkononi, anaamkia vizuri, anaendelea na njia.

Rafiki yangu alipona. Ilichukua muda, mpaka mavuno ya mpunga yaliyofuata, lakini alipona, nywele zikarudi, na mtoto akatambaa na kusimama kama watoto wengine. Aliendelea kuja kwangu. Hilo lilinitesa kuliko ukimya wa mama yake. Kila nilipojaribu kuomba radhi alinikatiza, akisema alitaka mwenyewe, kwamba hakuna aliyemfungua mdomo kwa nguvu.

Siku moja tulikuwa tunatwanga mpunga pamoja, mimi naye, mchi wangu ukipanda wake ukishuka. Nilianza tena habari zile. Akasimamisha mchi wake.

"Usijifanye ulikuwa peke yako," alisema. "Nilikuwa nimelala pale nasikia wanavyomsema. Mwili ulikuwa mgonjwa, ulimi haukuwa mgonjwa. Nilitaka aende."

Aliinua mchi akaendelea kutwanga. Mimi nilichelewa kushika mdundo, michi yetu ikagongana, tukaanza upya. Hatukulizungumza tena jambo hilo, na tulikuwa majirani kwa miaka mingi baada ya hapo. Nilikuwa nimedhani kwamba nikijua kuna mwingine aliyebeba nusu ya aibu ile, yangu ingekuwa nyepesi. Haikuwa hivyo. Niligundua kwamba kimya changu ndicho kilichompa yeye nafasi ya kunyamaza. Kama ningesema siku ya kwanza, asingekuwa na kitu cha kuficha.

Mke mdogo nilimwona mara moja tu. Ilikuwa miaka michache baadaye, pale Garsen, lori la kwenda Lamu limesimama kungoja maji ya mto yapungue ili pantoni ivuke. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha lori na mwanamke mwingine wa umri wake, wanakula ndizi. Nilimtambua kwa shingo. Alinitambua pia, akainuka, akanipa mkono, akaniamkia kama mtu anavyomwamkia mkubwa wake.

Nilikuwa nimeyaandaa maneno kwa miaka. Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa hata moja, aliniuliza, "Yule mtoto, alipona?"

"Alipona," nilisema.

"Alhamdulillahi."

Akangoja kidogo, labda kuona kama nina la kuongeza. Watu walikuwa wanatutazama, wale wauza ndizi, dereva, na mwanamke aliyekuwa naye. Niliona haya mbele yao. Nilimtakia safari njema, naye akarudi kivulini akaketi.